Chai ya hoteli kubwa Nairobi: Stanley, Norfolk au Serena?

Kwetu Voi, na hata hapa Umoja ninapoishi, ukisema unaenda hotelini watu wanajua unaenda kula chapati na madondo. Hoteli ni mahali pa chakula. Ile nyingine, yenye bawabu mlangoni na bendera za nchi mbalimbali, tunaiita hoteli kubwa, na ukisema unaenda huko utaulizwa kuna harusi ya nani. Hakuna anayefikiria kwamba umejiendea tu, kwa pesa zako, kwa sababu umetamani.

Mwaka jana mama alitimiza miaka 60. Nilimpigia simu nikamuuliza anataka nini, nikidhani atasema leso au sufuria. Akasema, "Mwanangu, nataka ninywe chai Hilton." Tangu miaka ya themanini, kila alipokuja Nairobi kwa basi, ule mnara wa mviringo ndio uliomwambia kwamba amefika, na hakuwahi kuingia hata siku moja. Ikabidi nimwambie kuwa Hilton ilifungwa mwishoni mwa 2022, baada ya miaka 53. Alinyamaza kidogo. "Basi nitafutie nyingine," akasema, "lakini iwe ambayo sitahimizwa kuondoka."

Mimi ni fundi wa nguo. Pesa za kubahatisha sina, na sikutaka siku ya mama iharibikie langoni. Kwa hivyo kabla hajapanda treni nilizizungukia hoteli tatu peke yangu, kila moja Jumamosi yake, nikinywa chai na kutazama: Sarova Stanley, Fairmont The Norfolk na Nairobi Serena. Nayaandika haya kwa anayetaka kumpeleka mzazi, mke au mume, na kwa anayetaka kujipeleka mwenyewe.

Lango kabla ya nyota

Nyota za hoteli hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kwa vigezo ambavyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana. Wanapima vyumba, jikoni, usalama, huduma. Nyota hizo zinamsaidia anayekwenda kulala. Anayekuja kwa miguu kutoka steji ya matatu, akitaka kukaa saa mbili na kikombe chake, ana swali jingine kabisa: nitaingiaje, na nitaachwa nikae?

Ukaguzi upo kila mahali na usikuudhi. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, na tena baada ya shambulio la dusitD2 pale Riverside tarehe 15 Januari 2019 lililoua watu 21, hoteli zetu haziwezi kufanya mchezo. Gari linachunguzwa chini kwa kioo, mkoba unapita kwenye mashine, nawe unapita kwenye fremu ya kugundua chuma. Anapitia hapo mwenye suti na anapitia hapo mwenye kitenge. Ondoa sarafu mfukoni mapema, weka simu kwenye trei, salimia askari, pita.

Kinachouma ni kingine. Miaka michache iliyopita nilisimamishwa kwenye lango la hoteli moja ya hapa mjini, ambayo haimo kati ya hizi tatu, nikaulizwa, "Umeleta mzigo wa nani?" Nilikuwa nimevaa vizuri. Sikuwa na mzigo wowote. Nilibabaika, nikasema nimepotea njia, nikarudi. Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nikijibu lile swali moyoni, kila mara kwa jibu bora zaidi.

Tangu hapo nimejifunza kwamba jibu linaandaliwa kabla ya kufika. Usiseme "nimekuja kuangalia." Taja mahali: "Naenda mkahawani kunywa chai." Ukiweza, piga simu asubuhi uweke meza kwa jina lako, hata kama ni ya chai tu, kisha ukifika useme, "Nina meza saa tisa." Nimeona sura ya askari ikibadilika kwa maneno hayo manne. Na jambo ambalo wengi hatuambiwi ni kwamba mikahawa ya hoteli hizi inapokea watu wa nje kila siku. Ni biashara kama duka langu. Hauombi ruhusa ya mtu, unaenda kununua chai.

Stanley: unaingia ukitoka barabarani

Kwa anayeogopa lango, anzia Stanley. Iko Kimathi Street na Kenyatta Avenue, katikati ya mji kabisa, na mkahawa wake wa Thorn Tree uko pale chini, kando ya barabara. Huna kiingilio kirefu cha magari cha kupanda ukitazamwa. Unatoka kwenye msongamano wa watu, unapita ukaguzi, umeketi. Kwa mtu anayeenda mara ya kwanza, ufupi huo wa njia ni nusu ya ujasiri.

Historia yake pia ni ya mtu wa kujianzishia. Aliyeianzisha mwaka 1902 ni mwanamke, Mayence Bent, na haikuwa hapo ilipo. Ilikuwa kwenye Victoria Street, barabara ambayo leo ni Tom Mboya, ambako mimi nashuka matatu kila wiki nikienda kununua uzi na zipu. Mwaka 1905 iliungua. Jengo jipya likafunguliwa mahali ilipo sasa mwaka 1913, ndiyo maana wazee bado wanaiita New Stanley.

Thorn Tree ni mkahawa uliopewa jina la mgunga ulioota katikati yake. Zamani wasafiri waliokuwa wakivuka Afrika walibandika barua kwenye shina: fulani, nimekungoja siku tatu, nimeondoka kwenda Kampala. Mti uliopo sasa si ule wa kwanza, umepandwa upya, lakini unakaa chini yake ukijua hapo palikuwa posta ya watu wasio na anwani. Mama, ambaye alilelewa kwa barua zilizotumwa kupitia shule ya msingi, angependa hilo.

Na kuna jambo nililolijua nikiwa nimeketi pale, nikasoma kwenye simu, kikombe kikapoa. Soko la hisa la Nairobi lilianza rasmi mwaka 1954, na katika siku zake za mwanzo madalali walifanya biashara hapa Stanley wakinywa kahawa. Mwafrika hakuruhusiwa kununua hisa mpaka baada ya uhuru. Hapo kwenye kahawa mali ya nchi ilikuwa ikibadilishana mikono, na mtu mweusi pekee aliyekuwemo ni aliyeshika trei.

Ubaya wa Stanley ni kelele. Mchana wa siku za kazi meza zinajaa watu wa ofisi, na matatu hazinyamazi. Ukienda Jumamosi baada ya saa nane, au Jumapili, utapata nafasi. Nilikaa karibu saa mbili na chai na kipande cha keki, hakuna aliyekuja kunifutia meza kwa nguvu. Ukienda peke yako, nenda hapa. Mtu mmoja mezani Thorn Tree haonekani ajabu, kwa sababu Kimathi Street daima kuna mtu anayemngoja mwenzake.

Serena: kwa anayetaka utulivu

Serena imekuwapo tangu 1976, ng'ambo ya Uhuru Highway, jirani na Central Park na kanisa kuu la All Saints. Kutoka GPO, ile posta kuu, ni mwendo wa dakika kumi na kitu. Unavuka chini ya ile barabara ya juu ya Expressway, unaacha vumbi nyuma, na ghafla kuna miti.

Lango lake ni la magari. Hapa ndipo mtembea kwa miguu anapojihisi mdogo, kwa sababu anapishana na magari makubwa akielekea mlangoni. Lakini nilipokelewa kwa adabu kuliko nilivyotarajia. Nilisema naenda Café Maghreb, ule mkahawa ulio upande wa bwawa la kuogelea, nikaonyeshwa njia, basi.

Ukishaketi, Serena inazishinda zote mbili kwa utulivu. Unasikia ndege na maji. Watu wanaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Kwa mzee mwenye magoti, au mtu aliyetoka hospitali, au wawili wenye jambo zito la kuzungumza, sijaona bora kuliko hapo. Mazungumzo mazito kuliko yote yalifanyika hapo pia. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi ule uliotugawanya, Kofi Annan aliwakalisha wajumbe wa pande mbili katika hoteli hii kwa wiki kadhaa, hadi Kibaki na Raila wakatia saini makubaliano tarehe 28 Februari nje ya Harambee House. Wakati ule nilikuwa msichana wa kazi ya kushona vifungo, tumejifungia ndani, redio imewekwa karibu na dirisha ili ishike vizuri. Kila jioni neno lilikuwa moja: Serena, Serena. Sikujua ina bustani. Nilipoiona bustani ile nilifikiria wale watu wakitoka kupumua kati ya kikao na kikao, na sisi tukingoja.

Udhaifu wake ni umbali na usiku. Ukikaa hadi giza liingie, usirudi mjini kwa miguu kupitia bustanini. Ita teksi, na uiweke hiyo nauli kwenye hesabu tangu nyumbani.

Norfolk

Hii nimeiacha nyuma kwa makusudi kwa sababu ina mengi.

Norfolk ilifungua milango siku ya Krismasi 1904, wakati Nairobi ilikuwa bado mahema, reli na matope. Theodore Roosevelt alishukia hapo mwaka 1909 akija kuwinda. Iko Harry Thuku Road, ikitazamana na Kenya National Theatre, na chuo kikuu kiko pua na mdomo. Mbele ina baraza ambalo kwa miaka mingi liliitwa kwa jina la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi. Ukiketi hapo unaiona barabara yote.

Na barabara hiyo ndiyo hadithi. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kodi, kipande (kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba) na kazi ya kulazimishwa ya wanawake. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka hotelini, wakitaka aachiliwe. Tarehe 16, wanaume walipotaka kurudi nyuma, Muthoni Nyanjiru akawaaibisha mbele ya wote na kusonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru akafa, na wengi pamoja naye. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21, na Waafrika waliokuwepo walitaja idadi kubwa zaidi. Masimulizi ya siku ile yanasema walowezi waliokuwa wakinywa kwenye baraza la Norfolk nao walichukua bunduki wakajiunga.

Nilikaa kwenye baraza hilo Jumamosi yangu ya tatu na kwa robo saa ya kwanza sikuweza kuagiza. Hoteli hiyohiyo nayo ilipata msiba wake usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, bomu lilipolipuka na kuua watu wapatao 20. Kwa hiyo kuta hizo zimebeba vifo vya pande nyingi. Nilijiuliza kama hapa ni mahali pa kumleta mama siku ya furaha yake, nikaamua hapana. Nikaagiza chai, nikanywa, nikashukuru huduma, nikarudi Umoja na uamuzi wangu: Serena.

Kwa mwenye kulinganisha tu, bila historia: Norfolk ina ua wa ndani wenye bustani, mahali penye kivuli na maua, na ni tulivu kuliko Stanley ingawa haifikii Serena. Lango lake ni la kati. Iko karibu na barabara kwa hivyo hutembei mbali, lakini si wazi kama Stanley. Wahudumu wake ndio walionivutia zaidi kwa ustadi. Kuna mzee mmoja aliyemimina chai bila kutikisa mkono hata kidogo, kisha akageuza mkono wa birika uelekee upande wangu wa kulia, baada ya kuona ninashikia kikombe kulia. Hakusema kitu. Alikuwa ameona.

Siku yenyewe

Mama alishuka Syokimau kwa treni ya mchana, tukalala Umoja, na asubuhi nikamsimulia zote tatu huku nikimpigia pasi kitenge. Nilipofika kwa Nyanjiru aliniambia niweke pasi chini kwanza, nimalize.

"Na hilo baraza lipo?"

"Lipo, mama."

"Na sisi tunaweza kukaa hapo?"

"Ukilipa chai unakaa."

"Basi twende hapo. Huko kwingine utanipeleka nikitimiza 70."

Nikapiga simu, nikaweka meza saa tisa.

Langoni tulisema tuna meza, tukapita. Mhudumu alikuwa kijana. "Karibu mama, karibu sana," akamvutia kiti. Mama alimjibu, "Asante mwanangu," akakaa wima kabisa, mkoba mapajani, macho barabarani.

Chai ndiyo inayowashika wengi, nami nataka kulieleza hili vizuri. Ukiagiza "chai" tu kwenye hoteli kubwa, mara nyingi utaletewa birika la maji ya moto, majani pembeni, na jagi dogo la maziwa, uchanganye mwenyewe. Kwa mtu aliyezoea chai iliyochemka pamoja na maziwa hadi ikapanda na kushuka mara tatu, ile nyingine ni maji yaliyopakwa rangi. Sema wazi: "Tunataka chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja, yenye tangawizi kama ipo." Jikoni wanaijua, ni Wakenya. Mama aliiomba hivyo, ikaja nzito, yenye rangi ya udongo wa kwetu, na akavuta harufu yake kabla ya kunywa. "Hii ni chai," akamwambia kijana, na kijana akacheka kwa furaha.

Kisha akashika kitambaa cha mkono kilichokunjwa mezani, akakifunua, akanipa. "Angalia hii kazi." Nikaangalia. Pamba nzito, pindo limekunjwa mara mbili, pembe zimekatwa kwa ndani kabla ya kukunjwa ili zilale bapa, na mshono hauna hata nyuzi moja iliyoruka. Pembe nne zote sawa. Ni kazi ambayo mteja haioni, na fundi hawezi kuacha kuiona. Kuna mtu mahali fulani aliketi kwenye cherehani akazishona mamia, zote hivyo. Mama alikikunja tena kama alivyokikuta, mstari juu ya mstari, na hakukitumia. Alijifutia kwa leso yake.

Tulikaa saa mbili na nusu. Hakuna aliyetuhimiza.

Pesa, bila kuzungukazunguka

Chai ya kibanda changu ni shilingi 20. Huku kikombe kinahesabiwa kwa mamia, na kitu cha kutafuna kando yake vilevile. Mimi sikuingia hata moja nikiwa na chini ya 3,000 kwa watu wawili, ingawa sikuzitumia zote, ili mkono usitetemeke bili ikija. Tazama menyu mtandaoni kabla ya kwenda, au uliza kwa simu. Hawakushangai, wanaulizwa kila siku.

Soma maandishi madogo chini ya menyu. Kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, kuna tozo ya utalii ya asilimia 2, na mahali pengine kuna ada ya huduma juu yake. Menyu nyingi zimeshazijumlisha kwenye bei, nyingine hazijajumlisha. Uliza swali moja, "Bei hii imemaliza kila kitu?" Ikiwa ada ya huduma imo, bakshishi ni hiari yako kabisa. Ikiwa haimo na umehudumiwa vizuri, acha kitu. Kijana wetu alipewa na mama mwenyewe, noti imekunjwa ndogo, mkononi, kwa namna anavyowapa wajukuu. M-Pesa zilipokelewa kote nilikoenda.

Bafe ya mchana ina maana tu kwa anayekula sana. Kwa mzee anayeridhika na kipande cha samaki na mboga, unalipia meza nzima ya vyakula asivyovigusa. Bora chai ya saa tisa au saa kumi. Kiamshakinywa ni kizuri zaidi ya bafe ya mchana kwa sababu hata asiyekula sana anapata matunda, mayai na mkate wa moto, na hakuna haraka.

Kulala ni habari nyingine, lakini msiikatie tamaa. Uliza bei ya wakazi, na ubebe kitambulisho. Hoteli za mjini zinategemea watu wa mikutano na biashara, na wikendi hao wanapungua, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za kuuliza kama kuna nafuu.

Mavazi: usinunue nguo mpya. Nasema hivi nikijua ninajinyima kazi. Nguo safi iliyopigwa pasi inatosha, na viatu vipanguswe, kwa sababu kutoka Tom Mboya hadi popote Nairobi viatu ndivyo vinavyosimulia ulikopita. Beba kitambaa kwenye mkoba ujifutie kabla ya kufika langoni. Wanaume waepuke kaptula na kandambili jioni.

Nyingine, kwa kifupi

Villa Rosa Kempinski, Chiromo Road, ni ya 2013 na ni ya fahari kweli, lakini imejengwa kwa anayefika na gari. Kwa miguu nilihisi kila hatua. Nenda na kundi. Sankara pale Westlands ina baa ya juu ya paa, Sarabi, nzuri kwa vijana wawili wanaotaka kuona taa za mji. Si ya mama yangu. JW Marriott, kwenye mnara wa GTC huko huko Westlands, ilifunguliwa 2024, na kama unachotaka ni kuwa juu, hapo ni juu.

Ukiwa na watoto na shangazi na wajomba, achana na hizi zote, nenda Safari Park, Thika Road. Ni pana, watoto wanakimbia, nyama choma ipo, na hakuna anayegeuka mtu akicheka kwa sauti.

Giraffe Manor, ile ya twiga kuingiza kichwa dirishani, usijaribu kwenda kunywa chai. Ni ya waliolala hapo tu, na utarudishwa. Nenda Giraffe Centre, jirani yake kabisa, ambako raia analipa kiingilio cha raia na twiga ni walewale. Mama alikwenda siku iliyofuata na akalambwa mkono hadi kiwiko.

Ningechaguaje leo

Peke yako na mara ya kwanza, Stanley, Jumamosi alasiri. Na mzazi anayetaka kupumzika, Serena, mfike saa tisa mtoke kabla ya jua kuzama. Na mtu anayependa kujua amekalia nini, Norfolk, na umsimulie kabla hamjafika, maana kule mezani maneno yanakuwa mazito. Nilikosea kuiondoa kwenye orodha kwa niaba ya mama. Nilidhani ninamkinga.

Tulipotoka hatukuita teksi. Mama alitaka kutembea. Tulipita kituo cha polisi, tukashuka Moi Avenue kando ya Jeevanjee Gardens, wahubiri wakiwa bado wanaendelea, hadi kwenye ule mnara wa mviringo. Milango imefungwa, hakuna bendera. Mama alisimama akainua uso akahesabu ghorofa, akapotea katikati, akaanza upya.

"Hapa chai ilikuwa pesa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, nami sikuwahi kuingia. Akanishika mkono tukavuka kwenda steji.